Dirisha la Jiko la Shule

Novemba ikifika, Tunduma hugawanyika kati ya mvua na shule. Asubuhi wanawake bombani wanaulizana kama huko kwao imeshanyesha ya kupandia, na mchana unawakuta walewale sokoni wanatafuta soksi nyeupe za mtoto. Mwaka ule, nyumbani kwa kaka yangu, mambo yote yaliangukia wiki moja. Mtoto mkubwa alikuwa anafunga darasa la pili. Mdogo wake, wa kike pia, alikuwa anamaliza chekechea na Jumamosi ilikuwa mahafali yake. Kanisani walikuwa wanafanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi, na kila mtoto alitakiwa apelekwe na arudishwe. Halafu baba yetu akapiga simu kutoka Mbebe, kule Ileje, akasema anakuja kuona mahafali ya mchumba wake.

Mchumba wake ni huyo wa chekechea. Ndivyo babu na mjukuu wanavyotaniana kwetu.

Mimi nilikuwa nakaa hapo kwa muda. Kila mahali nakaa kwa muda. Shule niliiacha darasa la sita, nikaenda Ivuna kuona chumvi inavyotoka kwenye udongo, nikabaki huko kuichemsha mpaka nikachoka na moshi. Nimepakia mahindi, nimemenya kahawa Mbozi, nimesukuma mizigo mpakani nikijifunza Kibemba cha kuuzia na kununulia. Kazi nikishaielewa huwa naanza kuangalia barabara. Kaka yangu hakuwa hivyo. Yeye aliendesha lori moja kwa bosi mmoja, na wiki ile alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari yanayoingia Kongo. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, shemeji yangu, yaani mke wa kaka, na watoto wawili. Na sasa baba anakuja.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Kwetu, kwa wanaoshika mambo ya zamani, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Simaanishi kwamba anamheshimu kwa mbali au anapiga goti akimsalimia. Hamsalimii. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia na kuingia shambani mpaka apite. Chakula anapika yeye lakini kinapelekwa na mtoto. Na mzee naye ana kazi yake: hawezi kutokeza tu. Anakohoa kwanza, anasubiri, anampa mkamwana nafasi ya kuondoka. Wengi siku hizi wameacha, hasa mjini, na majirani zetu waliotoka mikoa mingine walikuwa wanatuona kama sinema. Lakini shemeji ni mtoto wa Ikinga, hukohuko Ileje, alimwona mama yake akifanya hivyo maisha yake yote, na baba yetu ni mzee wa kanisa anayesema kwamba Biblia haikumwambia mtu aache adabu.

Nyumba ya kaka ina vyumba viwili na sebule, na jiko la mabati liko uani. Ukutane au usikutane na mtu ndani ya nyumba kama hiyo, ni kazi ya kupangwa. Waliopangiwa kazi hiyo ni watoto. Baba alipofika Alhamisi, alisimama getini na begi lake la mgongoni, akakohoa mara mbili. Yule mdogo alikuwa anacheza uani.

"Babu anakuja!" akaita.

Kutoka jikoni nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini, kisha ndala zikikimbia kuzunguka nyuma ya nyumba. Ndala zilipotulia kwa jirani, nikasema, "Karibu, baba."

"Nyumba ina amani?" akauliza.

Hivyo ndivyo anavyomsalimia mkamwana wake. Nikajibu kwamba nyumba ina amani, na baadaye nikaenda kwa jirani kumwambia shemeji kwamba ameulizwa hali.

Ijumaa jioni baba alikwenda na mtoto mkubwa kuangalia malori. Alipenda sana kuangalia malori yaliyopanga foleni ya mpakani, akisoma namba za nchi mbalimbali na kumuuliza mtoto kila moja linatoka wapi. Nyumbani tulibaki na shemeji. Alikuwa ananyoosha gauni la mahafali kwa pasi ya mkaa, kitambaa chenye unyevu juu yake, na mtoto mwenyewe amekaa pembeni akilinda lisiungue. Simu ya kaka ikaingia, shemeji akaiweka sauti kubwa, akaendelea kunyoosha.

"Nimeshamalizana na mwalimu," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyetatua jambo. "Nimemwambia mimi sitawahi, mzee atasimama nafasi yangu. Kwenye keki mtaitwa, mtalishwa, mtapiga picha, mnanitumia."

"Tutaitwa nani?" shemeji akauliza.

"Wewe na mzee."

"Pamoja?"

"Sasa si ndiyo, mama na…" Nyuma yake honi ya lori ililia muda mrefu. "Ah."

"Ah nini?"

"Nilisahau."

Shemeji aliisimamisha pasi wima. "Umesahau nini, baba watoto? Umesahau baba yako au umesahau mke wako?"

"Mpe simu mdogo wangu."

"Yupo hapa, anasikia. Na mwanao anasikia."

"Dogo," kaka akaniita, "wewe unajua kupanga mambo. Panga hapo." Mtandao ukayumba. Simu zetu kule huvuka mpaka zenyewe. Ghafla unajikuta uko kwenye mtandao wa Zambia na saa yako imerudi nyuma bila kukuuliza. Mtandao wetu uliporudi, kaka hakuwepo tena hewani.

Nilifikiri shemeji atalia au atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua gauni, akalitundika msumarini, akamtuma mtoto kwa jirani kurudisha pasi ikiwa bado ya moto, akaniambia nikae.

"Mahafali ya mkubwa wewe ulikuwa Ivuna," alisema. "Hukuona. Mimi mwenyewe sikuona. Mzee alikaa mbele na mume wangu, mimi nikaenda jikoni kwa wapishi wa pilau. Jiko la shule lina dirisha dogo. Nilichungulia hapo. Moshi na mvuke, shemeji. Nilichoona ni kile kishada cha kofia, kinaning'inia, sijui hata kama kilikuwa cha mwanangu. Kwenye picha yupo baba, yupo babu, yupo mpaka mke wa jirani. Mtoto aliniuliza mpaka Pasaka, mama mbona hukuja."

"Ungemwambia ulikuwepo."

"Nilimwambia. Akaniuliza wapi."

Akaendelea, sauti yake ile ile, kama mtu anayesema kesho atafua. "Safari hii sichungulii dirishani. Nikiitwa nitapanda."

"Na mzee?"

"Mzee afanye anavyojua."

Baba yetu hapigi kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mwenzake mmoja pale Mbebe, rafiki yake wa ujana, mkamwana wake alimkatia njia makusudi mbele ya watu msibani. Yule mzee hakusema neno. Alirudi nyumbani, na hakukanyaga tena kwa mwanawe mpaka alipozikwa. Wajukuu walimjua babu yao kwa picha. Nilimkumbusha shemeji habari hiyo.

"Naijua," akasema. "Na wewe unajua yangu?"

Niliijua. Kati ya watoto hawa wawili ilikuwepo mimba nyingine, iliyotoka akiwa Mbebe. Wanawake wa pale walisema ni kwa sababu alikutana uso kwa uso na baba mkwe kwenye kona ya kisimani, akachelewa kuacha njia.

"Nesi alinipima akaniambia malaria," alisema. "Malaria, shemeji. Nikanyamaza. Tangu siku ile nakimbia kuliko wote wanaokimbia, mpaka majirani hapa wananicheka. Lakini mtoto hamalizi chekechea mara mbili."

Nje tukasikia kikohozi, mara mbili. Mtoto aliyekuwa anarudi kutoka kwa jirani akaita, "Babu anakuja!" Shemeji akainuka. Akasimama kidogo mlangoni, mkono kwenye pazia, kama anayejaribu kuona miguu yake itafanya nini. Kisha akatoka kwa mlango wa uani.

Jumamosi asubuhi niliwahi shuleni kabla ya watu. Walikuwa wamefunga turubai na kupanga viti vya plastiki, baluni zimening'inizwa kwenye nguzo, na mshereheshaji alikuwa anajaribu vipaza sauti. Alikuwa kijana wa suti ya kung'aa, lafudhi ya Pwani, aliyekodiwa kutoka Mbeya. Nilimvuta pembeni nikamweleza taratibu.

"Ngoja nikuelewe, bro," akasema. "Mama na babu wa mtoto mmoja. Hawajagombana?"

"Hawajagombana. Wanaheshimiana."

"Wanaheshimiana mpaka hawawezi kusimama sehemu moja?"

"Ndiyo."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Kwetu mkiheshimiana hivyo watu wanaitisha kikao. Haya, nimekupata. Namwita mama kwanza, analishwa, anashuka, anaenda zake. Baadaye kabisa namwita babu. Si ndiyo?"

"Ndiyo hivyo."

"Imeisha hiyo."

Nilirudi nyumbani nikamweleza shemeji. Alikuwa anamfunga mtoto utepe. Hakunishukuru, hakunikatalia. "Akiita hivyo, sawa," alisema. "Asipoita hivyo, nimeshakwambia."

Ndipo nikamchukua baba. Kutembea naye ni kutembea mbele yake, maana mimi ndiye kikohozi chake njiani. Tulipita kando ya reli, yeye na koti lake la Jumapili, mimi nikitafuta maneno. Nilitaka kumwambia. Nilianza mara kadhaa nikaishia kwenye habari za mvua. Mwisho yeye ndiye aliyeuliza.

"Mwenye mtoto atakaa wapi?"

Mwenye mtoto ni shemeji. Nikasema atakaa nyuma, upande wa akina mama.

"Ataona vizuri?"

"Ataona, baba."

Akatembea kidogo. "Safari ile hakuona," akasema, kisha akaanza kunieleza habari za mbolea, na sikupata tena mlango wa kuingilia.

Mgeni rasmi alichelewa, kama wageni rasmi wote. Watoto walikaa mstari wa mbele ndani ya majoho ya bluu yaliyowazidi, kofia zikiwaangukia machoni, shingoni mataji ya pipi ambayo wengine walikuwa wameshaanza kuyala. Mwalimu alipita akiwapangusa midomo. Waliimba wimbo wa kukaribisha, wakauimba tena, wakaambiwa wautunze. Baba alikaa viti vya mbele upande wa wanaume, mimi kando yake, akimwangalia mchumba wake bila kupepesa macho. Niligeuka nyuma nikamtafuta shemeji. Alikuwa mwisho kabisa, karibu na jiko la shule, moshi wa pilau ukimpita. Alivaa kitenge kipya cha kijani na nywele zake zilikuwa zimesukwa. Kichwani hakuwa na khanga. Aliyezoea kumwona akijifunika kila mzee alipokuwa karibu angejua maana yake, na pale aliyezoea hivyo nilikuwa mimi tu.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa Zambia, jeusi na zito. Mgeni alipofika, upepo ulikuwa umeanza kuinua kingo za turubai. Risala ikasomwa haraka. Ngonjera ikakatwa katikati. Mwalimu mkuu akasimama, akamnong'oneza mshereheshaji, na nikaona midomo yake ikisema mvua, mvua. Mshereheshaji akaitikia kwa kichwa.

"Wazazi wangu," akasema kwenye kipaza sauti, "Mungu ametuletea baraka, sasa tunakimbizana nayo. Keki tunakwenda fasta. Kila mtoto na familia yake yote kwa pamoja, wapande, walishwe, washuke. Familia nzima kwa mpigo."

Nilinyanyuka kumwendea. Mtu wa nyuma yangu akanivuta shati. "Kaa bwana, tunaona mgongo wako." Nikatafuta macho ya mshereheshaji, nikapunga mkono, naye akanipungia kwa furaha kama mtu aliyesalimiwa. Alikuwa ameshasahau, au alikumbuka na akaona mvua ina nguvu kuliko mimi.

Familia za mwanzo zilipanda na kushuka. Keki kipande, kijiti mdomoni, picha, makofi. Baba aliinama kwangu.

"Kaka yako aliniambia nitaitwa."

"Ndiyo, baba."

"Na nani?"

"Wamesema familia nzima."

Baba alishika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi.

Jina la mtoto wetu likaitwa. "Mama yupo? Babu yupo, amesimama nafasi ya baba. Karibuni wote, haraka haraka, mama na babu."

Mtoto alipanda jukwaani peke yake, akapewa sahani yenye kipande cha keki ya rangi ya waridi na vijiti viwili. Akageuka kutazama watu. Kutoka nyuma ya viti nikaona kitenge cha kijani kikija. Alitembea katikati ya njia ile ya viti, si haraka, mikono chini. Baba alikuwa ameanza kuinuka, maana ameitwa, na mtu mzima akiitwa mbele ya watu huitika. Alikuwa nusu amesimama, bado hajageuza kichwa. Mtoto juu ya jukwaa alimwona huyu anainuka na yule anakuja, na akafanya kazi yake. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kinywa chake.

"Mama," akaita, "babu anakuja!"

Watu wakacheka. Waliona ni mtoto anayefurahia familia yake. Lakini sauti ile, kwa shemeji, ilikuwa ya kila siku, ya kumwambia kimbia. Nilimwona akisimama kama aliyeshikwa bega. Mguu mmoja ulirudi nyuma. Alikuwa karibu kufikia usawa wa kiti chetu, na baba, akisikia tu kwamba yupo, alikuwa ameganda vilevile, mgongo umeinama, mkono kwenye kiti cha mbele. Hakuna aliyekuwa amemwona mwenzake usoni. Hatua moja ya yeyote na ingekuwa imetokea.

Shemeji hakurudi.

Baba akashika kiti chake cha plastiki, akakiinua kidogo, akakigeuza. Akakaa kikielekea ukuta wa choo cha shule uliokuwa ubavuni mwetu, mgongo wake kwenye njia na jukwaa, mgongo wake kwa mgeni rasmi na keki na mchumba wake.

Kitenge cha kijani kikapita nyuma yake, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya nywele.

"Jamani, babu amesusa keki," mshereheshaji akasema. "Babu anasubiri mbuzi wa ndafu." Kicheko kikapita turubai zima. Mwanaume wa nyuma yangu akauliza kwa sauti, mzee vipi, kachukia nini? Mwingine akajibu labda amenyimwa soda. Nilitaka kuwaeleza wote, mmoja mmoja, na sikujua ningeanzia wapi. Uso wa baba ulikuwa umetulia.

"Amefika?" akaniuliza, chini kwa chini.

Sikuelewa kwanza. "Nani?"

"Wewe si una macho? Sema."

Basi nikasema. Nilisimama nusu upande, nikiangalia jukwaa na kuongea kuelekea sikio lake. Nikamwambia amefika, anapanda ngazi. Amemshika mtoto bega. Mtoto anamwangalia kama haamini. Sasa anamvalisha taji jingine. Mtoto amechoma keki na kijiti, anainua mkono, mama anainama.

"Mtoto anatabasamu?"

"Hapana. Amekaza uso. Anaogopa kuidondosha."

"Ndivyo alivyo," baba akasema. "Endelea."

Nikamwambia amekula. Nikamwambia sasa mtoto anacheka, jino la mbele halipo. Nikamwambia wanapiga picha. Matone makubwa ya mvua yalianza kugonga turubai, moja moja, na mshereheshaji akaanza kuita jina lingine. Mtoto hakushuka na mama yake. Alishuka upande wetu, na sahani yake, joho likiburuta, akazunguka kiti cha babu mpaka akasimama kati yake na ukuta wa choo.

"Babu, hii yako."

"Mchumba wangu. Mama yako amekaa?"

Mtoto akachungulia pembeni yake. "Bado."

"Anafanya nini?"

"Amesimama. Anakuangalia."

Baba akafungua kinywa, akalishwa keki. Aliitafuna polepole sana. Krimu kidogo ya waridi ilibaki kwenye sharubu na mtoto akaifuta kwa mkono wa joho la kukodi. Sikuthubutu kugeuka. Baba naye hakugeuka, na alikaa hivyo hadi mvua ilipoanza kumwagika kweli, viti vikaanza kubebwa juu ya vichwa na kila mtu akakimbilia madarasani, mchanganyiko wa majoho na pilau. Ndipo akainuka, akakohoa mara mbili, ingawa kwa kelele ile ya mvua hakuna ambaye angesikia.

Jioni ile baba alilala mapema bila kuomba maji ya kuoga. Watoto wote wawili waligombania pipi za taji na kulala nazo. Nilikwenda jikoni nikidhani nitamkuta shemeji analia, au anajisifu, maana kwa vyovyote kesho yake mzee angeondoka na hatukujua kama angerudi. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Amesema nini?" akauliza.

"Hajasema kitu."

Akasugua. "Shemeji, lile kovu alilipata wapi?"

"Kovu gani?"

"La kisogoni. Refu, linaanzia hapa linapanda mpaka kwenye mvi." Alijionyesha kwa kidole chenye majivu. "Miaka yote hii nimempikia mtu ambaye sijui anafananaje. Leo nimemwangalia. Nimeona masikio yake ni ya mume wangu. Nimeona hilo kovu."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimewauliza wachemsha chumvi, nimewauliza madereva wa nchi ambazo sitafika. Nilisimama pale jikoni nikijaribu kukumbuka kisogo cha baba yangu na sikuona kovu lolote. Maisha yangu yote nilikuwa natembea mbele yake.

Jumapili baada ya ibada nilimsindikiza mpaka kituo cha Mpemba, nje ya mji, kusubiri gari la Ileje. Mvua ilikuwa imetuliza vumbi na pande zote watu walikuwa mashambani kwa nguo za kanisani, wameshindwa kungoja Jumatatu. Baba alikalia begi lake. Aliponipa kisogo kuangalia kama gari linakuja, nililiona, jeupe, refu, kama alivyosema.

"Baba, hilo kovu la kisogoni ulilipataje?"

Hakugeuka. "Nani anauliza?"

"Mimi."

"Si wewe," akasema. "Wewe umekaa na mimi miaka yote hujauliza."

Gari lilikuwa limetokeza mbali, taa zimewashwa. Aliinuka, akapangusa suruali, akaanza kuongea haraka kidogo, kama mtu anayetoa maagizo dukani. Alikuwa mdogo, anatambaa, alisema. Mama yake alikuwa analima ulezi na yeye alimfuata nyuma bila mama kujua. Mama alipolirudisha jembe nyuma, likamkata kisogoni. Watu walisema mtoto hataishi. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka misheni bila kupumzika, na tangu siku ile, mpaka anazeeka, hakulima tena bila kugeuka kutazama nyuma kila baada ya pigo moja la jembe. Wanawake wenzake walimcheka shambani. Hakuacha.

Gari likasimama. Kondakta akachukua begi.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa," baba akasema, akishika mlango. "Kamweleze aliyeuliza. Na usipunguze hapo pa kugeuka."